Upepo Uliokanyaga Cherehani

Mama Pindo hakujaaliwa mtoto wa kumzaa, lakini ungesimama asubuhi kwenye kona ya mtaa wao ukatazama watu wakienda kazini na shuleni, ungedhani wote ni wanawe. Kila mmoja alikuwa na kitu mwilini kilichopita mikononi mwake: sare, blauzi, suruali iliyopunguzwa kiuno, shati lililobadilishwa kola. Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika. Wateja ndio waliomwita Mama Pindo, kwa sababu pindo lake halikuwahi kufumuka. Alilipiga mara mbili, hata kama mteja yuko mlangoni anahema kwa haraka.

"Nguo ikichanika ni ajali," alikuwa akisema, "lakini pindo likifumuka, hapo fundi amelala."

Alikuwa mjane. Nyumba yake ya vyumba vitatu waliijenga yeye na marehemu mumewe, na chumba cha mbele walikiwekea dirisha pana makusudi ili cherehani ipate mwanga. Cherehani yenyewe ilikuwa ile nyeusi ya chuma, ya kukanyaga kwa miguu. Aliikanyaga miaka na miaka huku akiimba nyimbo za kumsifu Mungu kwa sauti ndogo, na waliozoea kupita dirishani walijua mambo yake kwa kusikiliza tu. Wimbo wa mbio, kazi imejaa. Wimbo wa polepole, anatia vifungo.

Kisha goti la kulia likavimba. Alilisugua dawa, akalifunga kitambaa, akaliombea. Likapungua, likarudi, na safari hii lilirudi na mizigo yake yote. Daktari alilibonyeza kwa vidole viwili, akatikisa kichwa.

"Mama, goti limechoka. Ukiendelea kukanyaga, hata kwenda chooni utashikwa mkono. Shona, sikukatazi. Lakini si kwa mguu."

Maneno mepesi kwa anayeyasema. Cherehani ya umeme ingekuwa dawa, ila umeme wenyewe haukufika mtaani kwao. Nguzo zilikuja mpaka kwa muuza mbao zikasimama hapo, kama mgeni aliyesahau anakwenda nyumba gani. "Sisi na umeme," Mama Pindo aliwaambia wateja, "ni kama harusi ya jirani. Muziki tunausikia, sahani hatuzioni."

Habari za goti zilipomfikia kaka yake, hakukawia. Alikuwa dereva wa lori tangu ujana, sasa ana lori lake mwenyewe la kubebea mchanga. Mtu mkubwa wa umbo, mwenye sauti ya kuzoea kushindana na injini. Alikuja na mkewe, wakaketi chumba cha mbele, na chai haijapoa yeye ameshafika kwenye jambo.

"Mdogo wangu, sina maneno mengi. Wewe huna mume, huna mtoto, na sasa huna mguu. Chumba kipo, wifi yako amekipaka rangi kwa mkono wake. Unahamia kwetu."

"Na cherehani?"

"Tutaiuza. Utakula, utalala, utasali. Mtu wa umri wako anataka nini tena?"

"Nataka kushona, kaka."

Wifi yake akacheka. "Si nilikwambia, baba? Huyu ukimweka bila kazi, atafumua mapazia yangu yote ayashone upya."

"Wifi, na yale mapazia yako yanaomba kufumuliwa, tusifichane."

Walicheka wote watatu, lakini Mama Pindo moyoni hakuwa anacheka. Alimpenda kaka yake. Alijua ile sauti kubwa ndani yake mna huruma. Lakini kukaa kwa watu, hata wawe damu yako, ni kuamka kila siku ukiuliza kiti gani ni cha nani. Hapa kwake aliijua kila tofali. Hapa, mtu akibisha hodi, anayeitika ni yeye.

"Kaka, nikuulize. Cherehani hii ikitembea bila mguu wangu, utaniacha hapa kwangu?"

"Itembezwe na nini? Na maombi?"

"Maombi ndiyo ya kwanza. Mengine Mungu atanionyesha."

Dereva alimtazama, akaangalia nje alikoona paneli ndogo ya sola juu ya paa la jirani, akatabasamu kama mtu aliyekwisha kuiona mbinu. "Haya. Lakini sitakuja jua likiwaka, maana jua kila mtu anaweza. Nitakuja mawingu yakishika, na lori. Nikikuta inatembea, tena unashona kazi ya maana, naondoka na lori tupu na sitafungua mdomo tena. Nikikuta imelala, tunapakia. Bila machozi."

"Bila machozi," alisema Mama Pindo, na wakapeana mikono.

Jirani mwenye ile paneli alikuwa Fundi Redio. Mzee mwembamba, miwani yake imefungwa uzi sikioni, mwenye tabia ya kuzungumza na redio mbovu kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa. Mama Pindo alimkuta barazani kwake.

"Jirani, hizi redio zako zinakula nini mchana kutwa?"

"Jua, Mama Pindo. Paneli inalichuma, betri inalihifadhi, redio inakula."

"Na cherehani yangu haiwezi kula humo?"

Fundi Redio alishusha miwani. "Redio ina tumbo la ndege. Cherehani ina tumbo la ng'ombe." Kisha akaanza kukuna kidevu, na Mama Pindo, aliyewajua mafundi, akatulia. Fundi akianza kukuna kidevu, kazi imeshakubaliwa.

Paneli kubwa waliipata kwa mama mmoja aliyekuwa akifunga saluni yake. Mama Pindo alimshonea mashuka na foronya za nyumba nzima, paneli ikahama. Betri, Fundi Redio alikataa ya mtumba. "Paneli kuukuu inasamehe. Betri kuukuu haisamehi mtu." Basi ikanunuliwa mpya. Mota waliitoa kwenye feni ya gari lililokwisha kufa, wakaifunga chini ya meza ya cherehani, na mkanda mwembamba ukatoka kwenye mota kwenda kwenye gurudumu. Kile chuma cha kukanyagia kikafunguliwa, kikaegemezwa ukutani. Ukingoni mwa meza ikakaa swichi ya kidole, na kando yake kitufe cha kuzungusha, cha kupunguza na kuongeza mwendo. Kati ya paneli na betri wakaweka kisanduku cha kuchunga chaji: taa ya kijani betri imeshiba, njano inapungua, nyekundu acha kazi.

Siku ya kwanza Mama Pindo alibonyeza swichi, sindano ikaruka, naye akapiga kelele kama msichana. Alishona sketi nzima. Alipomaliza, Fundi Redio alikuwa ameshika mbavu.

"Unacheka nini?"

"Mguu wako, mama. Muda wote unakanyaga hewa."

Kweli. Mguu wa kulia ulikuwa unapanda na kushuka sakafuni wenyewe, kwa mazoea. Ilibidi auweke juu ya mto ndipo utulie.

Wiki za jua zilikuwa neema tupu. Kisha mawingu yakaja yakatanda, kijivu juu ya kijivu, na Mama Pindo akaanza kuona kile kaka yake alichokiona mapema. Paneli ilikaa juu ya paa bila faida. Asubuhi alishona kidogo, taa ikawa njano. Kabla ya saa sita, nyekundu. Nguo zilirundikana mezani, na wateja wakaanza kusema, "Basi nitapita baadaye," kwa ile sauti ya mtu asiyepita tena.

Mchana mmoja alikuwa ameanika shati la mteja uani. Upepo ukalinyakua kutoka kambani, ukalipitisha juu ya ua, na mama wa watu akalifuata kwa goti lake bovu, akichechemea na kuliita, "We! Rudi hapa!" Alilikamata kwenye ukuta wa Fundi Redio. Aliposimama kupumua, mkono mmoja umeshika shati na mwingine umeshika goti, ndipo wazo likamjia.

"Jirani! Huu upepo uliotaka kuniibia shati hauwezi kuzungusha kitu?"

Fundi Redio aliingia ndani, akatoka na mota nzito ya sumaku aliyoiokota kwa wauza vyuma chakavu, akaifunga balbu ndogo kwa nyaya mbili. Akazungusha mhimili kwa vidole. Balbu ikawaka, ikafifia, ikawaka.

"Umeona? Mota ni kama mkwe mwema. Ukimpa, anakupa. Ukiipa umeme, inazunguka. Ukiizungusha wewe, inakupa umeme. Kinachotakiwa ni mapanga ya kuukamata upepo, na mlingoti. Mtambo huo mimi sijawahi kuutengeneza, nisikudanganye. Lakini nimeuona, na nilipouona niliutazama vizuri."

Mapanga yalitakiwa yakatwe kwenye bomba la plastiki la maji, lile nene, lililopasuliwa kwa urefu vipande vinne, kwa sababu lina mviringo wake tayari. Fundi Redio alianza kutafuta msumeno na Mama Pindo akamshika mkono.

"Kukata niachie mimi. Wewe unajua redio, mimi najua kukata."

Na kweli alijua. Alitengeneza kielelezo cha karatasi, pana kwenye shina, chembamba kwenye ncha. Akakilaza juu ya bomba, akapiga chaki, akakigeuza, akapiga chaki ya pili, akakigeuza tena. Msumeno ukapita juu ya chaki, akasugua kingo kwa msasa mpaka zikateleza kama mshipi wa hariri. Mapanga manne, mazuri ya kutundika sebuleni. Fundi wa mageti akachomea mlingoti na sahani ya chuma ya kuyashikia, kwa ahadi ya ovaroli mbili zenye mifuko mingi. Nyuma ya mota Fundi Redio akafunga mkia wa bati, akasema ndio utakaogeuza kichwa kiuelekee upepo, na nyaya zikashushwa mpaka kwenye kile kisanduku. Wakausimamisha mlingoti uani, mbali na paa ili nyumba isije ikatetemeka, wakaukaza kwa waya pande zote.

Watu walikuja kutazama. Upepo ulikuwa mzuri, wa kupeperusha mitandio. Mkia wa bati ukaukamata, kichwa kikageuka kikautazama upepo usoni, sawasawa kama Fundi Redio alivyosema. Watu wakasema, "Ahaa." Mapanga yakatetemeka. Yakasogea kidogo kulia, yakarudi kushoto. Yakasimama.

Wakangoja. Upepo ukaongezeka. Mapanga yakatetemeka zaidi, lakini kuzunguka, hapana.

"Mama Pindo," aliuliza muuza mkaa, mama mwenye mdomo usiojua kufunga, "hilo ni feni, au umeweka sanamu la kutishia kunguru?"

"Acheni," mwingine akadakia, "ndiyo kwanza linasali."

Fundi Redio aliushusha mlingoti, akafungua mota, akatia grisi, akausimamisha. Yale yale. Akabadilisha nyaya. Yale yale. Alipokea lawama kama zake. "Ni mota. Labda ni ngumu mno kwa upepo wetu." Wakati huo huo ikaja simu ya Dereva: atafika Jumamosi, na atakuja na kamba za kufungia mizigo.

Mama Pindo alipiga magoti, kwa shida, kando ya kitanda chake. Hakuomba kirefu. "Baba, upepo sikuombi, umeshanipa. Naomba unionyeshe kosa langu liko wapi." Kisha akaamka akarudi kwenye kazi za sindano ya mkono, kwa sababu kusali si kuacha kazi.

Kazi iliyokuwa mbele yake ilikuwa shati la mtoto, limebaki kuunganishwa mikono. Pini zikiwa mdomoni, aliishika mikono yote miwili, mmoja kila upande, akaipima bega kwa bega. Mkono wa kulia na wa kushoto haifanani. Mmoja huukata hivi, wa pili unageuza kielelezo, ili itazamane kama mtu na kioo. Ukisahau kugeuza, mteja anapata mikono miwili ya kulia. Anayeanza ufundi hufundishwa hilo siku ya kwanza kabisa.

Akainua macho dirishani. Pale juu ya mlingoti, panga na panga yalikuwa yanatazamana. Kama mtu na kioo.

Pini zote zikamtoka mdomoni.

"Fundi!" Alitoka nje bila viatu. "Fundi Redio, njoo! Si mota! Mungu wangu, nimeushonea upepo shati!"

Waliushusha mlingoti palepale. Fundi Redio alivua miwani, akaivaa, akagusa panga moja, akagusa la pili. "Hili linasukuma huku. Hili linasukuma kule. Hili huku, hili kule. Mama Pindo, upepo ulikuwa unafanya kazi kama punda, na sisi tumemfunga kamba mbele na nyuma!" Akakaa chini akacheka mpaka akalia. "Na mimi nimefungua ile mota maskini mara ngapi!"

Bomba likatafutwa lingine. Safari hii ilibidi ashindane na mkono wake mwenyewe. Kila alipomaliza panga moja, mkono ulikwenda kugeuza karatasi bila kuulizwa, kama ule mguu uliokuwa ukikanyaga hewa. Mwisho alichukua chaki akaandika juu ya kielelezo kwa herufi kubwa: USIGEUZE. Mapanga manne yakatoka, yote ya upande mmoja, kama ndugu wanaotembea kwenda mahali pamoja.

Mlingoti uliposimama, hapakuwa na watu wa kutazama. Walikuwa wamechoka kucheka. Mkia ukakamata upepo, kichwa kikageuka. Panga la kwanza likashuka, la pili likafuata, la tatu, na baada ya hapo hayakuhesabika tena. Yalikuwa duara moja jeupe lenye mvumo. Ndani, kile kisanduku kilichokuwa na jicho jekundu kikafumbua la kijani. Muuza mkaa alitoa kichwa mlangoni kwake, akaangalia juu, na kwa mara ya kwanza mtaani hapo mdomo wake ukawa wazi bila neno.

Jumamosi mbingu ilikuwa nzito kama blanketi lililolowa. Lori likaja likiunguruma, Dereva akaruka chini kwa furaha ya mtu aliyekwisha kushinda, na kipande cha chuma cha mlango kikamshika suruali kikaichana kutoka mfukoni mpaka gotini.

"Karibu, kaka," alisema Mama Pindo. "Vua."

"Nivue nini?"

"Suruali. Au unataka kupakia mizigo yangu paja nje?"

Wifi alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, mabega yanacheza. Dereva akapewa shuka, akajifunga, akakaa kitini mikono imekunjwa. Mama Pindo akabonyeza swichi. Cherehani ikaimba. Dereva akainama kutazama chini ya meza, akaona mguu wa dada yake umelala juu ya mto. Akatoka nje na shuka lake kutafuta jenereta iliyofichwa, akazunguka nyumba, majirani wote wanamtazama, akakuta uani mlingoti na duara lile linavuma juu ya kichwa chake. Alisimama pale muda, shingo imepinda nyuma. Alipoingia, suruali ilikuwa imekunjwa kwenye kiti.

"Pindo nalo lilikuwa linaning'inia," dada yake alimwambia. "Nimelimalizia."

"Suruali ni kiraka tu," alisema Dereva. Ubishi wa kwao ulikuwa wa kuzaliwa. "Tulisema kazi ya maana."

Akaenda kwenye lori akarudi amebeba turubai begani, lile zito la kufunikia mchanga, limechanika ukingo mzima. Wifi akasema, "Baba, hiyo si haki." Mama Pindo alilipapasa tu. Kwa mguu, hata enzi za goti zima, asingelithubutu. Alibadilisha sindano, akaweka ile nene kuliko zote, akatia uzi wa kushonea viatu, akakunja ukingo mara mbili, akasema, "Bismillahi au Amina, kila mtu na yake, tuombeane." Akabonyeza.

Mota ikagugumia. Sindano ikazama kwenye tabaka tatu za turubai, ikatoka, ikazama. Dereva na mkewe wakawa wanalivuta upande wa pili ili lisiielemee meza. Fundi Redio, aliyeingia bila kualikwa, alisimama kando ya kisanduku akitazama taa. Kijani. Kijani. Njano.

Nje, mvumo ukashuka. Kila mtu aliusikia ukishuka. Mapanga yakawa yanahesabika tena, moja, moja, moja.

"Acha kidogo, mama," alinong'ona Fundi Redio.

"Nikiacha katikati ya pindo, uzi unalegea." Alipunguza mwendo kwa kile kitufe, sindano ikawa inatembea kama bibi anayepanda ngazi, mshono mmoja, pumzi moja. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Hakuna aliyemuuliza anasema na nani. Robo ya ukingo ilikuwa imebaki, na jicho la njano lilikuwa linaanza kukonyeza.

Kisha dirisha likagonga. Pazia likaingia ndani limejaa kama tumbo la mja mzito, na uani mvumo ukapanda, ukapanda, mpaka bati la jirani likaitikia. Fundi Redio akapiga kofi ukutani. "Kijani!" Mama Pindo akafungulia mwendo wote, na wimbo ukamtoka, ule wa mbio, kwa sauti kubwa ambayo hata yeye hakujua anayo. Wifi akauitikia. Turubai likapita, kona, kona ya pili, mwisho. Akakata uzi kwa meno.

Dereva aliutwaa ukingo mikononi. Alikuwa mtu wa turubai maisha yake yote. Aliuvuta kwa mikono miwili, akauvuta tena mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Pindo halikusema kitu. Akalikunja turubai polepole, akalipandisha begani.

Nje majirani walikuwa wamejaa kama kwenye mechi, muuza mkaa mbele kabisa. Dereva alipita katikati yao na shuka lake, suruali mkononi, akafungua mlango wa lori.

"Baba," mkewe alimwita kutoka mlangoni, kwa makusudi, ili kila mtu asikie, "mbona tunaondoka? Na mzigo?"

"Mzigo gani?" Dereva alinguruma kwa ile sauti yake ya injini, na safari hii hakujitahidi kuficha tabasamu. "Mimi nilikuja kushonesha turubai kwa dada yangu."